Sushi ya mboga nyumbani ukiwa na maikrogrini: koni, rolo nyembamba, rolo nene au wali kwa nje?

Mdogo wangu wa kike aliacha nyama na samaki kabisa, na Jumapili nyingi anakuja kula kwetu hapa Dar, sasa mi sikupenda awe anakula wali maharage peke yake pembeni wakati sisi wengine tumezunguka sinia la pilau ya kuku. Ndo nikaanza kujaribu sushi za mboga. Bahati nzuri barazani nilikuwa na trei zangu za maikrogrini, yaani vile vimche vya mboga unavyovikata vikiwa na wiki moja mpaka mbili hivi, vikishafungua majani yake mawili ya kwanza, nikaona hivi vitu viwili vinaendana sana. Na kweli vinaendana, ila sio kila umbo la sushi linakubali kila kimche, na hili hakuna aliyeniambia mwanzoni.

Majirani na dada zangu wakija wakaona wananiuliza swali lile lile, nianze na ipi? Maana picha zote ni nzuri, koni nzuri, virolo vidogo vizuri, zile kubwa zenye rangi tano ndani nzuri, zile zenye wali kwa nje ndo usiseme. Kumbe ukishaweka jani bichi changa ndani hazifanani hata kidogo. Jani changa halipendi vitu vitatu, joto, kukandamizwa na kukaishwa muda mrefu, na kila umbo la sushi linalitesa hilo jani kwa namna yake. Kwahiyo mi nasema usianze na umbo alafu ndo utafute majani, angalia kwanza una jani gani mkononi, alafu umbo lifuate.

Kwa mwenye haraka, mi ningekwambia hivi. Mara ya kwanza kabisa kunja koni, weka figili au njegere. Ya kubeba kazini kunja rolo nene, weka alizeti. Watoto wape nyembamba ya tango. Ya wali kwa nje iache mpaka mkono wako umezoea na una mchele wenyewe wa Kijapani. Sababu zake ziko huku chini.

Wali kwanza, maana hauepukiki

Sushi ni wali. Sio samaki, sio nori, yaani ile karatasi ya mwani ya kukunjia, ni wali uliotiwa siki, sukari na chumvi, hayo mengine yote ni kitoweo chake. Mchele unaotakiwa ni ule wa Kijapani, punje fupi nene, una wanga unaonata kwahiyo punje zinashikana bila kuwa uji. Basmati achana nayo kabisa, ile imeumbwa iachane punje kwa punje, kwenye biriani ni sifa ila huku itakumwagikia mapajani.

Sasa mchele wetu je? Nimejaribu wa Kyela mara nyingi na ntakuwa mkweli, kwa koni unafaa, kwa rolo nene unafaa ukikaza vizuri, kwa nyembamba unasumbua kidogo, na kwa ile ya wali kwa nje haushiki, ukikata tu unachanguka. Ukiutumia wa Kyela ongeza maji kuliko ulivyozoea, kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na nusu cha maji, usitie mafuta, usitie nazi, usitie chumvi wakati wa kupika, funika na uache moto mdogo mpaka ukauke wenyewe, alafu ukande kidogo na mwiko ukiwa bado wa moto. Harufu yake nzuri inabaki na mimi kwa kweli naipenda, japo Mjapani angeshangaa. Ule wa Kijapani wenyewe osha mpaka maji yawe karibu maangavu kabisa, loweka nusu saa, na maji yake ni kikombe kimoja na kidogo tu juu kwa kila kikombe cha mchele.

Kwa vikombe viwili vya mchele mkavu natia vijiko vinne vya chakula vya siki ya mchele, vijiko viwili vya sukari na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, nachanganya mpaka sukari iyeyuke, alafu namwagia wali ukiwa wa moto. Hapo hukorogi. Unaukata wali kwa ubapa wa mwiko na kuugeuza, kukata na kugeuza, huku mtu mwingine anaupepea. Wajapani wanatumia upepeo wao wa mkono, sisi tuna kipepeo cha ukili, kazi ni ile ile, unatoa mvuke haraka ili wali ung'ae na usilowe. Kama huna siki ya mchele, siki ya tufaha inafaa ila ni kali zaidi kwahiyo punguza kidogo, weka vijiko vitatu na kimoja cha maji. Siki nyeupe ya dukani mi siipendi hapa, inakwaruza koo.

Alafu subiri. Wali uwe na joto la mwili tu, ukiugusa usihisi moto wala baridi. Hili ndo kosa nililofanya karibu mwezi mzima, nilikuwa naweka vimche kwenye wali wenye joto, nakunja, nikikata nakuta ndani majani yamelala kama yamechemshwa, mchicha ndo ulikuwa mbaya kuliko yote, unatoa na majimaji mekundu. Usiweke kwenye friji ili upoe haraka, wanga wa mchele ukipata baridi unakakamaa na punje zinakuwa ngumu kama za wali wa juzi. Funika na kitambaa kibichi uache mezani, na uule siku hiyo hiyo. Siki inasaidia kuulinda ila sio dawa ya kuuacha mpaka kesho kwenye joto la Dar.

Nori, na swali la mwani wa Paje

Karatasi moja nzima ya nori ina kama sentimita 19 kwa 21. Upande mmoja unang'aa, mwingine una mikwaruzo, wali unakaa kwenye mikwaruzo. Huku pwani adui wa nori ni unyevu wa hewa, ukifungua pakiti asubuhi ukaiacha wazi mchana inavutika kama ngozi. Weka kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na kile kipakiti chake cha kukausha, na kabla ya kutumia pitisha karatasi juu ya moto mdogo sekunde chache tu, irudi kuwa kavu ya kukatika.

Wengi wananiuliza kama mwani unaolimwa na kina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja unaweza kufanya kazi hii. Hauwezi. Ule ni mwani wa namna nyingine, mnene, una matawi, unauzwa nje kwa ajili ya kutengeneza kile kitu cha kugandisha kinachowekwa kwenye maziwa na dawa za meno. Ufilipino wanaula kama saladi na ni mtamu hivo, lakini haufanyiki karatasi. Nori inatokana na mwani mwembamba sana kama utando. Na hata Wajapani wenyewe walikuwa wanaulima kwa kubahatisha tu mpaka 1949, mwanasayansi wa Uingereza Kathleen Drew-Baker alipogundua kwamba sehemu ya maisha ya mwani huu inapita ndani ya magamba ya chaza na kombe, ndo wakulima wakajua mbegu inatoka wapi. Mji wa Uto kule Kumamoto wanamkumbuka kila tarehe 14 Aprili, na yeye mwenyewe Japani hakuwahi kufika. Kila nikifungua pakiti ya nori namkumbuka huyu mama.

Sasa maumbo yenyewe

Koni, Wajapani wanaiita temaki, ndo ya kwangu. Unakata nori nusu, unaishika kwenye kiganja cha kushoto, wali kiasi cha vijiko viwili unautandaza upande mmoja tu wa karatasi, unaweka kipande cha parachichi, kipande cha tango, alafu vimche vyako unavisimamisha kama maua kwenye jagi, unakunja kona ya chini ielekee juu na kuzungusha. Basi. Hakuna mkeka wa mianzi wa kukunjia, hakuna kisu, hakuna kukandamiza, na vimche vinatokeza juu vikiwa wima na wazima kabisa, ukiuma unasikia nori inapasuka, wali laini, jani linakatika. Hayo matatu kwa pamoja huyapati kwenye umbo lingine lolote, na ndo maana kama umehangaika wiki nzima kuotesha vimche vizuri mi naona ni dhambi kuvizika ndani ya rolo ambapo hata havionekani.

Kingine kinachonifurahisha, koni kila mtu anajikunjia mwenyewe. Unaweka wali katikati, sahani za mboga, trei ya vimche na mkasi juu ya meza, kila mtu anakata vyake akiwa anakula. Watoto wa kaka yangu ambao mchicha wa sufuriani hawautaki hata kuuona, hapa wanagombania mkasi. Ubaya wake ni mmoja lakini ni mkubwa, haisubiri. Ndani ya dakika tano mpaka kumi nori imelowa na inavutika, kwa unyevu wa huku hata chini ya hapo. Huwezi kukunja ishirini ukaziweka zikisubiri wageni, huwezi kubeba kazini.

Rolo nyembamba, hosomaki, ni nusu karatasi, wali kama gramu 80 umetandazwa mwembamba ukiacha sentimita moja ukingoni, na kitu kimoja tu katikati. Maarufu yake ya mboga ni ya tango, kappa maki, jina limetokana na kappa, yule kiumbe wa mtoni wa hadithi za Kijapani anayependa matango. Unakata vipande sita. Ni safi, ni ya heshima, inabebeka, mtoto anaimudu kwa mara moja mdomoni. Kwa maikrogrini ndo pagumu, nafasi ni ndogo sana, ukijaza majani haifungi, ukiweka machache yanapotea. Nilichokuja kugundua ni kwamba inafaa kwa vile vyenye ladha kali, kwa sababu huhitaji vingi, vimche kumi vya figili vilivyolazwa sambamba na tango vinatosha, tena uvilaze vichwa vikitokeza kwenye ncha zote mbili, vile vipande viwili vya mwisho vinakuwa na kishungi cha kijani. Majani ya mchicha humu usiweke, yanageuka utando tu.

Rolo nene, futomaki, ndo ya kazi. Karatasi nzima, wali kiganja kizima, na ndani vitu vinne vitano. Kule Japani mwanzoni mwa Februari siku ya Setsubun wanakula rolo nene nzima nzima bila kukata, wamekaa kimya wakielekea upande wa bahati wa mwaka huo. Na humu kuna kitu ambacho kilinigusa sana nilipokijua. Kijazo chao cha asili kinaitwa kanpyo, ni utepe mrefu uliokaushwa, unaloweka na kuuchemsha na sosi ya soya na sukari, na ule utepe ni wa kibuyu, jamii moja na mumunye letu hili hili. Mkoa wa Tochigi ndo unatoa karibu kanpyo yote ya Japani. Sasa kanpyo kuipata hapa ni kazi, ila mumunye changa lipo sokoni, nalikata tepe nyembamba kwa kisu cha kumenyea, nalianika jua kali siku mbili chini ya chandarua cha chakula, alafu nalipika na soya, sukari na maji ya uyoga mkavu. Linakuwa tamu chumvi lina utafuno mzuri, na mama yangu alipolionja akasema mwanangu, kumbe mumunye lina heshima hivi.

Kwa upande wa vimche, rolo nene inaviumiza kwa kukandamizwa lakini inavilinda na hewa, kwahiyo vinakaa muda mrefu kidogo bila kunyauka. Weka vyenye mwili, alizeti au njegere, na uviweke katikati, sio vigusane na wali, utandike jani la letusi au karoti nyembamba chini yake. Vilivyopikwa vyote, karoti, uyoga, kiazi kitamu, viwe vimepoa na kukamuliwa maji. Ukikunja saa moja asubuhi unaila saa sita mchana na bado ni nzuri, nori imelainika ndio, lakini kwa rolo nene ndo inavyotakiwa, inashika.

Ile ya wali kwa nje, uramaki, ni ya Amerika Kaskazini, wateja wa kule zamani hawakuwa wanapenda kuuona mwani ndo ukafichwa ndani. Inahitaji mkeka wa mianzi uliovalishwa plastiki ya kufungia chakula, mchele unaonata kweli kweli, kisu kikali cha kuloweshwa maji kila ukikata, na utulivu. Ni nzuri kwa macho, sikatai. Unatandaza wali nori nzima, unanyunyiza ufuta, unageuza chini juu, unajaza, unakunja. Ufuta wetu wa Lindi na Mtwara huu huu, Wajapani ni wanunuzi wakubwa wa ufuta wa Afrika na wetu ukiwemo. Ila kwa vimche ni umbo baya kwa ndani, maana unakandamiza mara mbili, mara ya kukunja na mara ya kukaza. Ukitaka kuitumia, vimche vikae juu, baada ya kukata, mchicha mwekundu kishungi kidogo kwenye kila kipande na tone la mayonezi au la parachichi lililopondwa ili vishike. Hapo mchicha unaonyesha uzuri wake. Kwa sikukuu sawa, kwa Jumapili ya kawaida ni kazi nyingi kwa faida ndogo.

Kimche gani

Figili naipa namba moja na siyumbi. Wajapani wenyewe tangu zamani wanaweka vimche vya figili nyeupe kwenye koni, wanaviita kaiware, kwahiyo hapa hatujabuni kitu. Ukali wake unapanda puani vile vile kama wasabi, ile ya kijani kali inayoliwa na sushi, na sio bahati mbaya, figili, haradali na wasabi ni ukoo mmoja na ukali wao unatokana na kemikali za jamii moja. Ile wasabi ya kwenye tyubu nyingi yake hata sio wasabi, ni mzizi mwingine mkali uliochanganywa na haradali na rangi ya kijani. Kwahiyo ukiwa na figili mbichi huhitaji tyubu. Mama yangu alipoonja mara ya kwanza alifumba macho akasema hii inapanda kama haradali ya achari. Inaota kwa siku saba nane, haina ugomvi.

Haradali inafanana nayo, kali zaidi, nyembamba zaidi, nzuri kwenye ile nyembamba ya tango. Njegere ni tamu, ina maji, inakatika mdomoni kama njegere mbichi kabisa, kwa mtu asiyependa ukali na kwa watoto ndo ya kwao, inachukua siku kumi mpaka kumi na nne na unailoweka usiku kucha kwanza. Alizeti ina utamu wa karanga na jani nene linalovumilia kukunjwa, usumbufu wake ni maganda, kila kimche kinabaki kimevaa kofia ya ganda lake, lazima uyapitie kwa mkono. Mchicha mwekundu ni rangi zaidi kuliko ladha, mlaini sana, nishasema mahali pake ni juu.

Giligilani inachukua wiki tatu na unaipasua mbegu yake kwanza kwa kuibiringisha na chupa maana kidonge kimoja kina mbegu mbili, inataka subira, lakini ukiiweka kwenye koni na embe bichi iliyokatwa kama njiti na parachichi, hiyo ndo koni anayoiomba mdogo wangu kila akija. Uwatu kidogo sana, uchungu wake unafunika kila kitu.

Kuhusu lishe, watu wanasema mengi. Ninachokijua mi ni ule utafiti wa Marekani wa 2012 uliopima aina 25 za vimche, mchicha mwekundu ukaongoza kwa vitamini K, figili kwa vitamini E, giligilani kwa karotini, kabichi nyekundu kwa vitamini C, na kwa jumla vilizidi majani makubwa ya mboga hizo hizo mara nyingi. Ila kumbuka kwenye koni unakula gramu chache tu, kwahiyo usiache mboga za sufuriani kwa sababu hii.

Vya kutootesha kabisa kwa kula: nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo, ukoo huu majani yake machanga yanaweza kuwa na sumu, na maharage mekundu pia, mabichi yanaumiza tumbo vibaya.

Kununua au kuotesha

Vya kununua vinapatikana kwenye baadhi ya supamaketi kwenye viboksi vya plastiki, na ukiwa unajaribu tu mara moja nunua, hakuna ubaya. Angalia chini ya boksi, ukiona maji yametuama au majani ya chini yameanza kuwa meusi acha. Shida ni kwamba vimekatwa tayari, na toka dukani mpaka nyumbani kwenye foleni na joto vinachoka. Kwa koni, ambayo uzuri wake wote uko kwenye ule ukatikaji wa jani, mi naona kuotesha ni lazima, tena ni rahisi kuliko kukunja sushi yenyewe.

Trei yoyote bapa yenye matundu, ndani kokopiti ya makumbi ya nazi iliyooshwa vizuri, mbegu unazitawanya zikaribiane, unanyunyizia maji, unafunika na trei nyingine yenye uzito kidogo siku mbili tatu gizani, alafu unaziweka kwenye mwanga. Maji baada ya hapo unatia kwenye trei ya chini, sio juu ya majani, maana kwa joto la pwani ukilowesha majani ukungu unakuja siku moja. Feni ndogo inasaidia sana. Unakata na mkasi safi juu kidogo ya udongo, dakika ile ile ya kula.

Mbegu sasa, hapa naomba unisikilize. Mbegu nyingi za maduka ya pembejeo zimepakwa dawa ya ukungu, utaziona zina rangi ya pinki, bluu au kijani isiyo ya kawaida, hizo ni za shambani, sio za kuotesha vimche unavyokula baada ya siku saba. Nilishauziwa figili za namna hiyo na muuzaji akaniambia haina shida, nilizimwaga zote. Haradali, uwatu na giligilani chukua kwenye duka la viungo, zile nzima ambazo hazijakaangwa, zile zimewekwa kwa ajili ya kuliwa. Jaribu ishirini kwanza kwenye kitambaa kibichi, zikiota kumi na tano na kuendelea endelea nazo.

Na usichanganye vimche hivi na chipukizi za kwenye chupa, zile zinazooteshwa gizani kwenye maji maji na kuliwa na mzizi na mbegu yake. Zile ndo zenye hatari zaidi, joto na unyevu ule ule unaoziotesha unaotesha na bakteria. Japani mwaka 1996 mjini Sakai maelfu ya watoto wa shule waliugua kwa bakteria wa E. coli O157, serikali ikanyooshea kidole kaiware, soko likaanguka kabisa mpaka waziri wa afya wa wakati ule Naoto Kan akala kaiware mbele ya kamera kutuliza watu. Wakulima walikwenda mahakamani na mwaka 2004 ushindi wao ukathibitishwa na Mahakama ya Juu. Mi kila nikikumbuka hilo naosha trei zangu kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya mavuno, na mjamzito au mgonjwa mwenye kinga ndogo simpi kibichi, namwekea njegere zilizopikwa vizuri mpaka zikaiva.

Mambo madogo ya mtu asiyekula samaki

Kama unampikia mtu aliyeacha samaki kabisa soma nyuma ya chupa. Sosi ya soya yenyewe ni soya, ngano, chumvi na maji, haina neno, ila zile sosi za kuchovya zilizokolezwa tayari nyingi zina dashi, ambayo kwa kawaida ni mchuzi wa samaki mkavu. Kanpyo na uyoga vya kwenye kopo navyo huwa vimepikwa na dashi. Mchuzi mbadala ni kuloweka uyoga mkavu wa shiitake usiku mmoja, maji yake yana utamu wa kutosha. Parachichi lisugulie limao au ndimu lisigeuke jeusi, na chagua lile linalobonyea kidogo tu, la Njombe au Rungwe likiwa msimu wake hulipati zuri zaidi popote.

Wali ukibaki usijilazimishe kukunja tena, nori imeshalegea na mikono imechoka. Tia kwenye bakuli, juu panga matango, embe, mumunye la soya, mwagia ufuta, alafu ukate trei nzima ya vimche vilivyobaki juu yake. Wajapani wana jina lake, chirashi, na kwa nyumbani kwetu hiyo ndo bakuli ya mama, koni anatuachia sisi.